Muulize Shangazi: “Huyu mtoto atarudishwa hospitali lini?”

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Pasua hapa Moshi. Wa kwanza, B., ana miaka minne na miezi miwili. Wa pili ni wa kike, ana wiki saba. Wakati nina mimba B. alikuwa anabusu tumbo langu na kumsimulia mwenzake habari za treni, maana huyu mtoto kwa treni ni mgonjwa kabisa. Tangu turudi kutoka kujifungua amekuwa mtu mwingine. Ameanza tena kujikojolea, anataka kulishwa, na wiki iliyopita aliniuliza, tena kwa sauti ya utulivu, huyu mtoto atarudishwa hospitali lini. Juzi nikiwa jikoni nikasikia kilio. Nakuta amempiga mwenzake kichwani na gari la bati. Nilimchapa. Halafu nikakaa chini nikalia mimi.

Wifi yangu anayesoma Arusha ameniletea katuni ya Kijapani kwenye flashi, inaitwa Mirai. Anasema huyo mtoto wa ndani ni B. mtupu. Lakini mama mkwe, aliyeshuka kutoka Kibosho kuja kunipikia mtori, alikuta kipande ambacho mbwa amegeuka mtu, na kingine mtoto anaongea na babu aliyekwisha kufa. Akasema hiyo ni mizimu, nisimwonyeshe mtoto. Baba B. nikimuuliza hasemi ndiyo wala hapana. Nifanyeje? – Mama B., Pasua

Marahaba Mama B., na hongera ya uzazi. Barua yako ilinifanya niitafute hiyo katuni. Nimeitazama mara mbili, mara ya pili na mjukuu wangu, tukila karanga, na karanga zilibaki.

Mwonyeshe. Ila itazame wewe kwanza, peke yako, usiku ukinyonyesha. Ni dakika 98, utaigawa hata kwa siku tatu. Nasema hivyo kwa sababu nusu ya ile katuni inakusema wewe.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: kuna mvulana wa miaka minne anaitwa Kun, wa mji wa Yokohama huko Japani. Anapenda treni kuliko chakula. Mama anarudi nyumbani na kitoto cha kike, na kuanzia hapo Kun hana raha. Analia, anagaragara, na siku moja anampiga mdogo wake kichwani kwa treni ya kuchezea. (B. wako nadhani alitumia gari la bati kwa sababu treni haikuwa karibu.) Aliyeitengeneza, Mamoru Hosoda, aliyatoa mambo haya nyumbani kwake, pale mwanawe wa kwanza alipopata dada. Inaonekana. Kile kilio cha Kun hakikutungwa na mtu ambaye hajawahi kulala sebuleni na mtoto anayelia.

Usidhani B. ana roho mbaya. Mimi nilikuwa na miaka mitano mama alipoleta mdogo wangu wa kiume. Siku moja nilimbeba mpaka kwenye migomba, nikamlaza, nikamfunika vizuri kwa jani, nikarudi kucheza kombolela. Nyumba nzima ilitafuta. Mimi nilitafuta pamoja nao! Alipatikana amelala fofofo. Leo ana mvi, na kila Krismasi ndiye anayeniletea kahawa ya shambani kwake.

Sasa la mama mkwe. Usibishane naye, kaa naye muitazame. Nyumba ya akina Kun ina kijiua, yaani kiwanja kidogo cha wazi katikati ya nyumba, chenye mti mmoja. Kila Kun anaponuna na kutoka nje, pale kwenye mti anakutana na mtu wa ukoo wake. Mara dada yake, ameshakuwa msichana mkubwa wa sekondari, na jina lake, Mirai, maana yake ni siku zijazo. Mara mama yake alipokuwa kasichana kakorofi kanakomwaga vitu nyumba nzima hadi kakachambwa na mama yake. Mara kijana mwenye mguu ulioumia vitani, fundi wa pikipiki, anampandisha Kun farasi kisha pikipiki na kumwambia atazame mbele, mbali. Baada ya hapo Kun anapanda baiskeli bila vile vigurudumu vya pembeni. Baadaye ndipo anaonyeshwa picha kwenye albamu na kuambiwa yule alikuwa babu wa mama yake.

Hakuna kafara pale, hakuna anayeombwa kitu. Na wewe mama yangu wa Kibosho, kwa heshima zote, nikuulize: wazee wenu wamelala wapi? Si humo humo kihambani, kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka jikoni, katikati ya migomba na mimea ya masale? Si ndipo wajukuu wanapochezea kila Desemba, na wewe unawaambia, huyu alikuwa mkali, huyu alichimba mfereji, huyu ndiye aliyepanda hii mibuni? Basi kile kijiua cha Wajapani ni kihamba, ila kidogo, kwa sababu viwanja vya mjini ni vya shida kila mahali. Mama mkwe akishaliona hilo, mwachie yeye ndiye amsimulie mjukuu. Ana maneno kuliko mimi na wewe.

Lakini kilichonifanya nisimamishe video na kwenda kuchemsha chai ni kile kipande cha stesheni. Kun amenuna kwa sababu ya suruali (anataka ya njano, amepewa ya buluu), anatoroka, anapotea kwenye stesheni kubwa ya Tokyo. Anafika kwa karani wa vitu vilivyopotea. Karani anamuuliza jina la mama. Hajui. Jina la baba. Hajui. Anajua “Mama” na “Baba” tu, basi. Wasio na wa kuwachukua wanapakiwa kwenye treni nyeusi ya kutisha. Akamwona mdogo wake mchanga naye anataka kupanda treni hiyo, na hapo ndipo linapomtoka kwa mara ya kwanza: mimi ni kaka yake Mirai.

Nikajiuliza, B. angeulizwa angejibu nini? Nikacheka, kwa sababu sisi huku tuna jibu ambalo Kun hakuwa nalo. Wewe barua yako umeiandika kwa jina gani? Mama B. Jirani anakuitaje? Mama B. Muuza ndizi wa Mbuyuni anayekukopesha anaandika nini kwenye daftari? Mama B. Huyo mtoto anaogopa kunyang'anywa mama, na kumbe mama amevaa jina lake mtaa mzima. Mwambie hivyo. Usimwambie “wewe sasa mkubwa”, mtoto wa miaka minne akisikia hilo anaelewa kwamba amefukuzwa mapajani. Mwambie: mimi ni Mama wewe. Alikuja mdogo wako, sikubadilishwa jina. Na kama kwenu mnafuata desturi, kifungua mimba wa kiume amerithi jina la babu mzaa baba. Basi na hilo ajue ni la nani, na mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Kazi ndogo mpe, ila iwe ya kweli. Mdogo akifikisha wiki kumi utampeleka tena kliniki kwa chanjo. Nenda na B., yeye ndiye abebe kadi. Hapo hapo mwambie nesi kuhusu kujikojolea. Mara nyingi mtoto anayepata mdogo hurudi nyuma hivyo na hupita, lakini nesi akijua si vibaya. Usimchape kwa mkojo. Na usiwaache wawili hao peke yao chumba kimoja, hata kama unakwenda kugeuza ndizi tu. Mimi nilimfunika mdogo wangu kwa upendo, na bado ingeweza kuwa msiba.

Baba B., najua unasoma, kwa sababu wanaosema hawasomi ukurasa huu ndio wanaonipigia simu. Sheria imekupa siku tatu za likizo ya uzazi, mkeo siku 84, hesabu hiyo naielewa. Lakini baba wa kwenye katuni naye kazi zilimzidi. Anafanyia kazi nyumbani, anaunguza, anasahau, mtoto analia akibebwa naye. Anajifunza hivyo hivyo mbele ya macho yetu. Wewe anza na jambo rahisi: Jumamosi mchukue B. mwende stesheni ya Moshi, wawili tu. Treni ya abiria kutoka Dar ilirudi kwetu Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kuota majani. Hata msipoikuta treni, reli zipo, na kwa mgonjwa wa treni reli tupu ni nusu ya karamu.

Barua ya pili: Shangazi, binti yangu wa miaka sita ametazama Mirai kwa jirani. Ile treni nyeusi imemtisha, sasa hataki kulala peke yake. Na mimi nilipoitazama sikuona adui wala vita, nikashangaa kusikia ilifika Oscar, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani. Hii ni ya watoto au ya wakubwa? – Baba wa Kaloleni, Arusha

Ilifika, ndiyo. Ilitoka Japani Julai 2018, na mwaka 2019 ikawa moja ya katuni tano zilizopendekezwa. Tuzo ikachukuliwa na Spider-Man. Adui umemkosa kwa sababu ulimtafuta nje. Kama umewahi kuwa na kaka anayepewa paja la kuku wakati wewe unapewa shingo, mrudie Kun umtazame vizuri.

Kuhusu woga: kosa ni kumwachia atazame bila mkubwa. Maneno yenyewe ni Kijapani, au Kiingereza cha haraka haraka, kwa hiyo binti aliona picha za kutisha bila kujua zinasema nini. Kaa naye uwe DJ wa nyumbani, kama wale wanaotutafsiria filamu za Kichina, simamisha, eleza, endelea. Mfikishe mpaka Kun anapotoka pale stesheni, kwa sababu nahisi jirani alizima televisheni kabla ya hapo.

Halafu mfundishe jina lako kamili, la mama yake, na namba ya simu ya mmoja wenu, aiimbe mpaka aijue bila kuangalia. Akishaijua, muulize wewe mwenyewe maswali ya yule karani, ukiwa umevaa kofia na sauti umeifanya nzito.