Ukiikosa hiliki

Mkoani, Pemba

Mwanangu Khamis,

Waalaykumu salaam. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza kwa wasiwasi, mbili za mwisho kwa kucheka. Unasema umeitafuta hiliki Nanjing nzima hukuiona, mwisho muuzaji mmoja akakupa hizo kubwa za hudhurungi kama tende kavu, ukazitwanga ukazitia kwenye mkate wa kumimina, na wenzako wakakuuliza umeunguza nini. Sasa wataka kujua utie kitu gani badala yake. Nimeona nikuandikie, maana wewe sauti huisikiliza mara moja ukaisahau, na jambo hili lina marefu.

Hizo ulizopewa si hiliki mbovu. Ni ndugu yake wa mbali, na hukaushwa juu ya moto, ndipo unapotoka huo moshi. Usizitupe. Siku ukipika pilau au supu ya ng'ombe, ipasue moja kwa kilo ya nyama, iache ichemke pamoja, kisha uitoe kabla hujapakua. Kwenye kitu cha sukari usiisogeze tena.

Najua baada ya hapo utafikiria karafuu. Mpemba akikosa kitu chochote hukumbuka karafuu kwanza, na mimi yalinikuta. Mwaka wangu wa pili kufundisha sayansi kimu, tuliambiwa darasa letu litengeneze visheti vya wageni wa skuli. Shira iko motoni, mtoto niliyemtuma dukani amerudi mikono mitupu, hiliki hamna. Mimi na cheti changu kipya nikasema, sisi tunaoanika karafuu mpaka barabarani tutakosaje kiungo? Nikatwanga, nikapima kijiko kwa kijiko, kiasi kile kile ambacho ningetia hiliki. Mgeni wa kwanza alitafuna kimoja akanyamaza. Wa pili akaomba maji. Wa tatu, mzee mmoja mcheshi, akashika shavu akauliza jino lake limeng'olewa saa ngapi. Mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, yujenoli, ndiyo yanayotumika kwenye dawa za meno zinazotuliza maumivu. Nilikuwa nimewatia ganzi wageni wa mkuu wa skuli.

Jioni nikamhadithia bibi yako. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Hiliki kwenye visheti ilikuwa inafanya kazi gani?" Nikabaki namtazama. Tangu siku ile, nikikosa kitu jikoni, hilo ndilo swali ninalojiuliza kabla ya kugusa kopo lolote. Hiliki ya kwenye pilau na hiliki ya kwenye shira zinatoka kopo moja, lakini hazifanyi kazi moja.

Chukua pilau. Mle hiliki ni mmoja katika kundi. Uzile upo, mdalasini, pilipili manga, karafuu mbili tatu, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawa. Akikosekana mmoja, wengine wanabeba. Usihangaike na badala, iache tu, ongeza uzile kidogo. Pilau isiyo hiliki bado ni pilau, isiyo uzile ni wali wa nyama. Biriani ni habari nyingine, ile hiliki yake inasikika, kwa hivyo ngoja mpaka uipate. Na halua usithubutu. Watu wa Wete wanaikoroga saa nzima na zaidi mkono haupumziki, halafu wewe uje utie ganda la chungwa?

Chai ni rahisi. Tangawizi inatosha, na mdalasini kipande. Ila usiitie tangawizi mbichi ndani ya maziwa yaliyo baridi ukayachemsha pamoja, yatakatika. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Ichemshe kwanza kwenye maji na majani ya chai, itokote hasa, ndipo umimine maziwa. Kahawa nayo tangawizi peke yake.

Bibi yako chai aliiweza hata pasi na hiliki. Miaka ya mwanzo ya 1970, vitu vilipokuwa vya foleni, mimi mdogo, hiliki ikiingia nyumbani ilikuwa ya Idi. Punje nyeusi zilitwangwa kwa mkate, na maganda aliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana. Asubuhi hutoa maganda mawili, huyafikicha, huyatupa kwenye birika. Sisi tukiamini tunakunywa chai ya hiliki. Maganda hayana nguvu ya punje, lakini harufu huingia, hasa kopo likikaa limefungwa. Kwa hivyo siku ukizipata, kwanza usinunue zilizosagwa, harufu yake hupotea haraka sana, utakuwa umenunua vumbi. Nunua na maganda yake, twanga za siku ile ile, na maganda usitupe.

Wageni wanaokuja huku hudhani kila kiungo kinaota nyuma ya nyumba zetu. Hiliki asili yake ni milima ya kusini mwa India, inapenda kivuli na ubaridi, na nyingi tunayouziwa sokoni hutoka bara, milima ya Tanga na Morogoro. Bei ikipanda huko, hata sisi tunahesabu punje. Kwa hivyo usijione mpweke.

Sasa mkate wa kumimina, ndio uliokuumiza moyo. Kabla sijakujibu nilikwenda kuuliza. Jumatatu ilikuwa siku yangu ya presha pale hospitali ya Abdulla Mzee, na unajua wale madaktari wa Kichina wanatoka jimbo la Jiangsu, ambalo mji wake mkuu ni huo huo Nanjing ulipo wewe. Wanakuja Zanzibar tangu 1964, lakini mimi sikuwahi kumuuliza hata mmoja habari ya chakula. Nikafungua pembe ya kanga, nikamtolea daktari hiliki tano. Akazinusa, akaipasua moja kwa ukucha, akanusa tena. Akasema "doukou", halafu akatikisa kichwa, akazungumza na muuguzi anayewasaidia lugha. Kumbe doukou kwao ziko nyingi, hata kungumanga ina jina hilo na neno jingine mbele yake. Unayoitaka wewe ni ile nyeupe, ya mviringo, kubwa kuliko dengu kidogo: bai doukou. Hapo nikaelewa kwa nini hukuiona sokoni. Wao huitumia kama dawa ya tumbo, kwa hivyo katafute kwenye maduka ya dawa za miti shamba, si kwenye viungo vya nyama. Aliniandikia kwa herufi zao nyuma ya karatasi, picha nimekutumia. Ioneshe dukani, usijaribu kuitamka. Hata hiyo si hiliki yetu khasa, ina ukali wa kafuri, basi anza na nusu ya kiasi ulichozoea.

Usipoipata, tia kungumanga. Kwenye mkate wa kumimina hiliki kazi yake ni kuufanya utamu unukie bila kuubadili mkate rangi, na kungumanga inaikaribia kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichojaribu. Kwa vikombe viwili vya mchele, robo ya kijiko cha chai, iliyokunwa hapo hapo. Usizidishe, ikiwa nyingi humlevya mtu, na hayo si maneno ya wazee tu. Ukipenda, ukune juu yake ganda la limau kidogo, lile la manjano tu, ukifika kwenye nyeupe acha, ni chungu. Mdalasini nakukataza. Kuna wanaotia, dadaako mmojawao, na mkate wake hutoka rangi ya ugoro. Mkate wa kumimina ukikatwa lazima ndani uwe mweupe. Tena mdalasini unaouona huko ni wa mti mwingine, gome nene gumu, si huu wetu unaojikunja mwembamba kama karatasi. Ule ni mkali zaidi, ukiutia kwa kipimo cha nyumbani utafunika kila kitu.

Na kuna jambo hukuniuliza, nalo nadhani ndilo linalokupunja zaidi ya hiliki. Ulitumia tui la kopo, nimelisikia kwenye sauti yako. Likiwa zito mno mchanganyiko hauumuki vizuri. Liongeze maji ya uvuguvugu, saga mchele ulioroweka usiku kucha mpaka ukiusugua vidoleni usisikie chenga, tia hamira, ufunike, uuache mpaka juu pafanye mapovu. Sukari baadaye. Mkate ulioumuka sawasawa una harufu yake wenyewe, ya mchele na nazi, na hapo hiliki inakuja kusaidia tu. Miaka ile ya foleni tuliula mara nyingi bila kiungo chochote, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeacha kipande.

Huna mkaa wa kuweka juu ya mfuniko, najua. Tumia hiyo oveni ndogo uliyosema, moto wa juu peke yake, dakika chache za mwisho. Ukishapoa ukate katikati, unipigie picha ya ubavu wake, si ya juu. Nataka kuona vitundu.

Babaako anakusalimu, anauliza baridi imepungua?

Mamako