Maswali ya wasomaji: Picha juu ya picha, na giza mnalolisahau

Tangu nilipoandika kuhusu picha za tabaka, yaani kupiga picha mbili au zaidi ndani ya fremu moja, barua zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi kati yake zinauliza jambo lilelile. Nimechagua hizi sita.

Shikamoo mwalimu. Nataka kupiga picha za tabaka kwa simu. Nipakue programu gani? (Msomaji wa Magomeni, Bagamoyo)

Marahaba. Yoyote. Hili ni swali la nne la aina hii mwezi huu na sitalijibu tena, kwa sababu hakuna programu itakayokuambia picha yako ya kwanza iwe na nini.

Nilipiga uso wa dada yangu, kisha juu yake nikapiga minazi ya ufukweni saa sita mchana. Nikapata ukungu mweupe mtupu. Je, kamera ni mbovu? (Msomaji wa Dunda)

Kamera ni nzima. Mwanga hujumlishwa: sehemu iliyokwisha kushiba mwanga haipokei kitu kingine, na sehemu iliyobaki na giza ndiyo inayopokea. Anga la Bagamoyo saa sita mchana ni sawa na karatasi nyeupe, na ukilimwaga juu ya uso, uso unafutika. Waliokaa karibu na mafundi wa batiki wataelewa upesi, kwani kanuni ni ileile, ila imegeuzwa. Fundi wa batiki huanza na rangi nyepesi akaenda kwenye nzito, akiziba kwa nta kila mahali asipotaka paguswe tena. Sisi tunaanza na giza, na nta yetu ni mwanga wenyewe: ulipokwisha kuumwaga, hapachoreki tena.

Kwa hiyo msimamishe dada yako mbele ya anga jeupe hadi abaki kivuli cheusi, kisha piga minazi juu yake. Minazi itaota ndani ya kichwa na mabega yake, na kwingine kote itapotea. Ukitaka uso uonekane, mpige jioni, amevaa buibui, nyuma yake kukiwa na mlango wa chumba kisicho na taa. Picha zinapokutana mahali pamoja, gawanya mwanga: kama picha moja ingehitaji sekunde 1/125, mbili zipigwe kila moja kwa 1/250, na nne kila moja kwa 1/500. Giza likiwa giza kwelikweli, huna haja ya kupunguza. Wenye kamera za kidijitali kama Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012 wakumbuke kwamba ukichagua wastani badala ya kujumlisha, kamera hufanya hesabu hiyo yenyewe, na ukipunguza tena kwa mkono unaambulia kiza.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Tumeambiwa tutafute msukumo katika picha za tabaka. Mchoraji atapata nini kwa mpiga picha? (Msomaji wa Bagamoyo mjini)

Atapata mengi, mradi asichukue ganda akaacha kiini. Étienne-Jules Marey wa Ufaransa hakuwa msanii. Alikuwa mtaalamu wa fiziolojia aliyetaka kujua viumbe wanavyotembea na kuruka. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, na katika kipindi hichohicho akaanza kuweka hatua nyingi za mwendo mmoja juu ya bamba moja la kioo. Viungo vikapandana, ikawa fujo tupu. Ndipo alipomvika mtu wake nguo nyeusi, akamtia mistari myeupe kwenye mkono na mguu, akamtembeza mbele ya mandhari nyeusi. Mtu akatoweka, mwendo ukabaki: safu ya mistari inayofunguka na kujikunja kama mbavu za kipepeo cha ukili.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1912, Marcel Duchamp alichora mtu anayeshuka ngazi, umbo likirudiwarudiwa kama vipande vya mbao vinavyoporomoka, na hakuficha kwamba picha za namna ya Marey zilikuwa nyuma ya mchoro ule. Angalia alichochukua. Hakunakili picha yoyote. Alichukua swali la namna ya kuuweka muda ndani ya kitu kisichosogea. Vijana wengi wanaoniletea kazi zao huleta kichwa cha mwanamke chenye msitu ndani, kitu ambacho matangazo ya biashara yamekwisha kukichosha, kisha huniambia huo ndio msukumo.

Fanya hivi. Mtafute mcheza ngoma, avae nyeusi, mfunge vipande vya kitambaa cheupe cha marekani kwenye viwiko, vifundo vya mikono na magoti. Zima taa za ukumbi, weka kamera kwenye stendi, acha kifyatulio wazi kwa sekunde nne, na mwenzako alipue flashi kwa mkono mara tano. Usiirekebishe picha hiyo kwenye kompyuta. Ichore kwa mkaa, na uanze na nafasi zilizo kati ya vipande, siyo vipande vyenyewe.

Nimeunganisha milango 20 ya Mji Mkongwe ikawa uchafu. Tabaka ngapi ni nyingi mno? (Msomaji wa Nianjema)

Idadi haina kosa. Idris Khan, msanii wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1978, aliunganisha kurasa zote za Kurani Tukufu katika picha moja mwaka 2004. Maneno yaliungana yakawa wingu la wino, lakini umbo la kitabu kilichofunguliwa likabaki, kwa sababu kila ukurasa ulikaa pale ulipokaa mwenzake. Milango yako, kwa picha ulizonitumia, mmoja umepigwa kutoka kushoto, mwingine kutoka barazani, na wa tatu una bodaboda mbele yake. Chagua kitu kimoja kisichohama, nacho kiwe mfaa, ule mti uliosimama katikati ya mlango. Simama mbele kabisa, lenzi iwe usawa wa katikati ya mlango, mfaa ugawanye fremu nusu kwa nusu, na upana wa mlango ulingane katika kila picha. Mfaa utasimama mweusi kama mlingoti, na nakshi zitauzunguka kama mvuke. Fanya haraka, maana milango miwili niliyoijua tangu utotoni nimeikuta imepakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi nakshi zimezibwa.

Mganga amemwonyesha shangazi yangu picha yake yenye kivuli cha marehemu mumewe nyuma. Inawezekana? (Jina limehifadhiwa)

Inawezekana, na ni picha ya tabaka ya kawaida kabisa. Mpiga picha William Mumler aliishi kwa kuuza picha za namna hiyo kule Boston, Marekani, katika miaka ya 1860. Alishtakiwa New York mwaka 1869 akaachiwa, si kwa kuwa mizimu ilithibitika, bali kwa kuwa mashahidi walishindwa kuonyesha mbinu aliyotumia. Baadaye mjane wa Rais Lincoln naye akatoka kwake na picha yenye kivuli cha mumewe. Mwambie shangazi alinganishe kivuli hicho na picha za marehemu zilizopo nyumbani. Niliwahi kuletewa moja ambayo kivuli kilikuwa na kola iliyokunjika upande mmoja, mkunjo uleule uliokuwa kwenye picha ya pasipoti iliyopotea katika albamu ya familia. Fedha alizotoa azidai, tena akiwa na mashahidi.

Pentax K1000 yangu husogeza mkanda kila ninapovuta wenzo. Nitapigaje mara mbili? (Msomaji wa Kaole)

Baada ya picha ya kwanza, zungusha taratibu kitasa cha kurudishia mkanda hadi uhisi kinagoma. Kishikilie hapohapo, bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, kisha vuta wenzo. Kifyatulio kitajiandaa na mkanda utabaki mahali pake. Utateleza kidogo, kwa hiyo usipange mambo yanayotaka kukutana kwa unywele. Ukishamaliza, funika lenzi na upige fremu moja tupu, ili picha inayofuata isiipande hii.