Mpigaji wetu anakosa magoli: tumbadilishe au tumwache?

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani katika sekondari moja hapa Iowa, na nimekabidhiwa kikosi cha mateke. Tumecheza mechi 6. Mpigaji wetu, mwenye mguu wa kulia, amejaribu magoli ya pointi 3 mara 11 na kupata 6. Aliyopata ni ya yadi 24, 27, 29, 32, 33 na 40. Aliyokosa ni ya yadi 36 (lilizuiwa), 42, 43, 46 na 49. Pointi za ziada (teke la pointi 1 baada ya timu kuvusha mpira mstari wa goli) amepata 15 kati ya 18: mara moja mpira ulirushwa juu ya kichwa cha anayeushika, mara mbili ulipita nje upande wa kulia. Makocha wenzangu na wazazi wanataka atolewe. Tuna kijana mwingine, wa familia iliyotoka Kongo, mcheza soka. Mguu wake una nguvu kweli. Mazoezini amepitisha mpira wa yadi 50. Zimebaki mechi 3. Nifanyeje?

JIBU

Ndugu kocha, kwa namba hizi sioni sababu ya kumtoa kijana huyu wiki hii. Ninachoona ni sababu ya kuwakagua wanaomwandalia mpira, na ya kutazama upya mateke mnayomtuma kupiga. Miguu ishindanishwe baada ya hapo.

Tuanze na umbali. Magoli 6 kati ya 11 ni asilimia 55, na aliyezoea kuona wapigaji wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, wakipata kama asilimia 85 ataona ni balaa. Lakini wale ni watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo, na asilimia ya jumla huchanganya teke la yadi 24 na la yadi 49 kama vile ni kitu kimoja. Kwa kijana wa sekondari aliye imara mimi hukadiria hivi: chini ya yadi 30, apate 9 kati ya 10, yadi 30 hadi 37, apate 7 kati ya 10, yadi 38 hadi 44, nusu, yadi 45 na zaidi, robo. Haya ni makadirio ya kazi, si takwimu za ligi, na unaweza kuyarekebisha kwa kutumia daftari lako la mazoezi.

Kijana wako amepiga mateke 3 katika kila moja ya makundi matatu ya kwanza, na 2 katika kundi la mwisho. Ukizidisha na kujumlisha unapata 2.7 + 2.1 + 1.5 + 0.5, yaani 6.8. Alitarajiwa kupata karibu magoli 7, naye ana 6, na mojawapo ya aliyokosa lilizuiwa. Katika mateke 11, pengo hilo halikuambii chochote kuhusu mguu wake. Hata mateke 30 ni machache. Mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 85 ana uwezekano wa karibu asilimia 7 wa kumaliza mateke 30 akiwa na magoli 22 au pungufu, kwa bahati mbaya tu. Katika ligi yenye timu 32, hiyo ni sawa na wapigaji wawili wazuri kila msimu wanaoonekana wameharibika. Mwaka 2024 Justin Tucker wa Baltimore, aliyefunga goli la yadi 66 mwaka 2021, alipata 22 kati ya 30, na timu ilimwacha apige msimu mzima.

Sasa nenda kwenye video. Teke moja lina watu watatu: anayerusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, anayeupokea na kuusimamisha yadi 7 nyuma, na mpigaji. Pima muda kuanzia mpira unapotikisika hadi mguu unapougusa. Simu inatosha: rekodi kwa mwendo wa taratibu, hesabu fremu. NFL hufanya kazi hiyo kwa takriban sekunde 1.3. Kwa sekondari, 1.4 ni nzuri. Ukipita 1.5, mkimbiaji wa pembeni wa wapinzani anafika, na mpigaji anayejua hivyo huanza kuharakisha hata siku ambayo mpira umefika kwa wakati.

Muda ukizidi, tafuta umepotelea wapi. Mrushaji akiwa mzito, mpira huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mikononi. Ukitua chini ya goti au nje ya bega la mshikaji, mshikaji anatumia muda kuufuata. Ukishafika, kazi yake ni kuugonga chini kwenye alama, kuugeuza nyuzi za mshono wake zitazame milingoti ya goli, na kuuinamisha kidogo upande wake kwa pembe ileile kila mara. Nyuzi zikimtazama mpigaji, mguu hupata sehemu isiyo laini na mpira hupotea njia. Tarehe 10 Januari 2016 Blair Walsh wa Minnesota alikosa goli la yadi 27 na timu yake ikatolewa na Seattle kwa 10 kwa 9. Picha zilionyesha nyuzi zikimwelekea yeye. Lawama zote zilimwangukia. Kwa hiyo pitia mateke yote 29 ya msimu huu na kila moja uliandikie mambo matatu: urushaji safi au mbovu, ushikaji safi au mbovu, muda. Teke lililokosewa baada ya urushaji au ushikaji mbovu lisihesabiwe dhidi ya mpigaji. Ule mpira uliorushwa juu ya kichwa uondoe kabisa. Pointi zake za ziada ni 15 kati ya 17.

Teke la yadi 36 lililozuiwa lilizuiwa wapi? Kama mkono ulitoka katikati ya safu, ama walinzi wako walisukumwa nyuma au mpira ulipaa chini mno kwa sababu mguu uliugonga juu ya sehemu yake. Mguso mzuri uko karibu theluthi moja kutoka chini. Kama aliyezuia alitoka pembeni, tatizo ni muda, au mlinzi wa mwisho alimfuata mtu wa nje akaacha mwanya wa ndani. Mlinzi huyo lazima azibe ndani kwanza. Wa nje ana njia ndefu, na kazi ikiisha kwa sekunde 1.4 hafiki.

Zile pointi mbili za ziada zilizopita kulia ndizo pekee zinazonifanya nimtazame yeye mwenyewe. Kwa mtu wa mguu wa kulia, mpira unaokimbilia kulia kila mara kwa kawaida una chanzo kimoja kati ya viwili: mguu wa kushoto umekanyaga huku vidole vikitazama kulia, au nyonga haikumalizia mzunguko kuelekea goli. Simama nyuma yake na urekodi mguu wa kushoto tu. Kosa la aina hii hurekebishika ndani ya wiki moja kwa mateke mafupi ya yadi 20, bila nguvu. Angekuwa anakosa mara kulia, mara kushoto, ningekuwa na wasiwasi mkubwa zaidi, kwa sababu hapo hana teke moja analolirudia.

Muulize pia kuhusu mwili, na umuulize faragha. Linganisha urefu wa mipira yake ya sasa na ya Agosti. Akiwa amepoteza yadi 5 au zaidi, shuku kinena au misuli ya mbele ya paja kabla hujashuku moyo wake. Vijana wengi hupiga mateke 80 au 100 kwa siku wakidhani ndiyo bidii, na kama yeye ndiye anayeanzisha mchezo pia, mguu hauponi. Mateke 30 hadi 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki, na mapumziko siku ya kabla ya mechi. Maumivu yakiwepo, mpeleke kwa mtaalamu wa afya wa timu na umpumzishe. Hapo kubadilisha hakuna mjadala.

Upande wenu makocha kuna jambo la kupima. Mateke 5 kati ya 11 yalikuwa ya yadi 40 na kuendelea. Kumbuka hesabu yake: yadi za kufika mstari wa goli, ongeza 10 za eneo la mwisho, ongeza 7 za mshikaji. Mpira ukiwa yadi ya 32, hilo ni teke la 49. Kwa kanuni za sekondari jambo hilo si kosa kubwa, kwa sababu mpira uliokosa ukaingia eneo la mwisho huwapa wapinzani mwanzo wa yadi ya 20, tofauti na NFL ambako huanzia pale ulipopigwa. Mnaweza kuendelea kujaribu, ila msimhukumu kijana kwa mateke ambayo mlijua ni ya robo. Na kama bado mna hofu na pointi ya ziada, hesabu ni fupi: akipata asilimia 88, jaribio la pointi 2 (kuuvusha mpira tena mstari wa goli badala ya kupiga teke) linalipa tu iwapo mnafanikiwa zaidi ya asilimia 44.

Huyu kijana wa soka asipuuzwe. Tangu Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria, alipoleta teke la pembeni la soka Buffalo mwaka 1964, wapigaji wakubwa wengi wametoka kwenye soka. Lakini yadi 50 alizopiga mazoezini alizipiga bila kofia, mpira umetulia, muda anaoutaka yeye. Brandon Aubrey alikuwa mcheza soka wa kulipwa. Alianza kujifunza teke hili mwaka 2019 na kuingia NFL na Dallas mwaka 2023. Alipofika alifunga magoli 35 ya kwanza mfululizo, baada ya miaka minne ya kujifunza. Wako ana wiki tatu.

Mshindanishe hivi. Vipindi vitatu, siku tofauti, mateke 12 kwa kila mmoja kila kipindi, wakipokezana: mawili ya yadi 20 katikati, manne ya 27 (mawili kutoka alama za uwanja za upande wa kushoto, mawili za kulia), manne ya 33 vivyo hivyo, mawili ya 40. Mrushaji yuleyule, mshikaji yuleyule, mipira ya mechi, kofia na kinga za mabega, na safu nzima ya wapinzani wakikimbilia mpira. Milingoti ya sekondari ina upana wa mita 7.11, ya vyuo na NFL ni mita 5.64. Funga utepe wa rangi kwenye mtambaa panya, sentimita 73 kutoka kila mlingoti, na uandike kila mpira: ndani ya tepe, kati ya utepe na mlingoti, au nje. Mipira ya ukingoni itakuonyesha mapema nani anategemea bahati. Muda ukizidi 1.5 kwa sababu mpigaji amechelewa kuondoka, liandike kama teke lililozuiwa, hata kama limepita. Wacheza soka wengi huanguka hapo, kwa sababu wanasubiri mpira utulie kwanza, wakati unapaswa kuondoka mara mpira unapogusa mikono ya mshikaji.

Katika mateke 36 kwa kila mmoja, tofauti ya 3 au 4 inaweza kuwa bahati tupu, kwa hiyo aliyepo abaki. Ikifika 7, badilisha. Ikiwa katikati, gawa kazi: mwenye nguvu aanzishe mchezo na apige ya yadi 43 na zaidi, mwenye uzoefu abaki na pointi za ziada na magoli ya karibu. Mgawanyo huo ndio ningeanza nao Ijumaa hii kwako, hata kabla mashindano hayajaisha, kwa kuwa unampumzisha wa kwanza na kumwonyesha wa pili uwanja wenye kelele.

Ningemtoa wa sasa bila kusubiri mashindano akikosa mara mbili chini ya yadi 30 baada ya urushaji na ushikaji safi, au akianza kusimama katikati ya hatua zake. Makosa manne mfululizo peke yake hayatoshi. Brett Maher wa Dallas alikosa pointi za ziada nne katika mechi moja ya mtoano Januari 2023, baada ya msimu wa magoli 29 kati ya 32. Mechi iliyofuata pointi ya ziada ilizuiwa, kisha akafunga magoli yote mawili aliyopewa, yadi 25 na 43. Timu ilibadilisha msimu ulipokwisha, ikiwa na muda wa kutafuta.

Uamuzi wowote, wape vijana wote wawili Jumatatu, ana kwa ana, pamoja na namba zao. Usibadilishe katikati ya mechi labda kuwe na jeraha. Na kabla ya kumvalisha huyu wa pili jezi, mwone mkurugenzi wa michezo wa shule: anahitaji fomu ya uchunguzi wa afya, idhini ya mzazi kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, na siku za mazoezi zinazotakiwa kabla ya kucheza akiwa na kinga. Soka la wavulana kwa sekondari za Iowa huchezwa majira ya kuchipua, hivyo ratiba haitamgonga.