Maswali ya Wasomaji: Jukwaa na Ukumbi Wahitimu Wanaporudi Chuoni

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja: mihadhara na mijadala ya jopo inayoandaliwa mwishoni mwa juma ambapo wahitimu wa zamani hukusanyika tena chuoni kwao. Tumezifupisha bila kugusa kiini chake.

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa mkutano wa wahitimu. Mjadala mkuu tumeupangia dakika 75, na kila kundi la mwaka limeteua mtu wake wa kuketi jukwaani, hata tumefikia wanajopo saba. Mwenyekiti anaona kumwondoa yeyote ni kulivunjia heshima kundi lake. Wapo pia wajumbe wanaosema tusihangaike, kwa sababu watu huja kuonana, si kusikiliza mihadhara. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina kundi inaloliwakilisha. Wanajopo saba wakipewa dakika saba kila mmoja, hizo ni dakika 49. Lakini mtu aliyengoja miaka 20 kurudi katika ukumbi wa chuo chake hawezi kuridhika na dakika saba. Mhesabieni kumi, na hapo mmeshafika 70. Tano zilizosalia zitamezwa na utambulisho, na sijapata kuona utambulisho wa watu saba ukimalizika kwa dakika tano. Mtakachokuwa mmekiandaa ni foleni ya hotuba, na ukumbi utatawanyika bila kuuliza swali hata moja.

Wawe watatu. Watatu wakizungumza dakika nane nane wanatumia 24. Mwongoza mjadala apewe tano za kufungua, 16 ziachwe kwa ajili ya wanajopo kujibizana wao kwa wao, na nusu saa kamili inayobaki iwe ya ukumbi. Nusu saa hiyo msiione kuwa hisani kwa wasikilizaji. Darasani mwalimu ndiye anayejua na mwanafunzi ndiye anayejifunza, ila wahitimu wanaporudi mpangilio huo umekwisha kupinduka: kati ya watu walioketi safu moja miaka 25 iliyopita, huyu sasa ni mhandisi wa maji, yule ni hakimu, mwingine amelea familia huku akiendesha biashara, na mwingine aliiacha fani aliyoisomea na ana sababu nzito za kuiacha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ukumbi wa watu wa namna hiyo unajua mengi kuliko jukwaa lolote mtakaloweza kulijaza. Jopo lipo ili kuuchokoza ukumbi useme.

Kuhusu heshima ya makundi, wale wanne waliobaki wapeni kazi ya kweli badala ya kuwapa pole. Mmoja aongoze mjadala, kazi ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kuwa mwanajopo. Watatu wengine waombwe mapema wawe wa kwanza kuuliza kutoka ukumbini, kila mmoja akiwa na swali aliloliandaa kutokana na kazi yake. Hakuna kitakachowapotezea heshima hapo, na ule ukimya wa aibu unaofuata maneno “sasa ni wakati wa maswali” utakuwa umepata dawa. Katika kuchagua watatu wa jukwaani, tafuteni wanaotofautiana, kisha changanyeni wahitimu na walimu. Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kina desturi ya kuwaweka wahitimu na wanataaluma wake katika jopo moja wakati wa mkutano wake wa kila mwaka, na mchanganyiko huo una faida iliyo wazi: mwalimu huleta utafiti, naye mhitimu huleta habari za mahali ambapo utafiti huo uligonga mwamba.

Sasa niwajibu wajumbe wanaosema watu huja kuonana. Hawajakosea, lakini hawajamaliza. Tarehe 5 Juni 1947, George Marshall, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitunukiwa shahada ya heshima asubuhi katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha alasiri akahutubia mkutano wa chama cha wahitimu wa chuo hicho. Hotuba yake haikuzidi robo saa, na hakuipamba. Ndani yake alieleza haja ya kuisaidia Ulaya iliyobomolewa na vita ijijenge upya, na wazo hilo likazaa mpango uliobeba jina lake, uliogharimu dola za Marekani zipatazo bilioni 13 katika miaka michache iliyofuata. Waliokuwapo alasiri ile bila shaka nao walikuwa wamekuja kuonana.

SWALI: Nimestaafu ualimu wa chuo kikuu, na nimeombwa kutoa mhadhara wa dakika 45 kwa wahitimu. Watakuwapo wataalamu wa fani yangu, wakiwamo niliowafundisha mwenyewe, na watakuwapo watu ambao hawajapata kuisoma hata siku moja. Nikishuka chini nitawachosha wa kwanza. Nikipanda juu nitawapoteza wa pili. Niupange vipi?

JIBU: Profesa, ugumu huo unatokana na kuwapanga wasikilizaji kwa kiwango cha ujuzi. Jaribu kuwapanga kwa mwaka waliohitimu. Kila aliyeketi mbele yako aliondoka chuoni na picha fulani ya ulimwengu, na picha hiyo, kwa wengi wao, imebaki pale pale ilipoachwa. Mhadhara unaoanza kwa maneno “mlipokuwa hapa tuliwafundisha hivi, leo tunafundisha vile, na sababu ya kubadilika ni hii” humshika mtaalamu na asiye mtaalamu kwa kamba moja, kwa kuwa mtaalamu anajua kilichobadilika lakini mara nyingi hakupata kusimuliwa jinsi kilivyobadilika.

Chukua mfano wa tiba. Aliyehitimu udaktari mwaka 1980 alifundishwa kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na asidi kuzidi na msongo wa mawazo. Mwaka 1982, Robin Warren na Barry Marshall, katika mji wa Perth, Australia, walifanikiwa kuotesha bakteria waliyoishuku kwa muda kuwa ndiyo inayosababisha vidonda hivyo; wenzao wengi hawakuwasadiki, hata Marshall akainywa bakteria hiyo mwenyewe ili kupima hoja yake, akaugua uvimbe wa utando wa ndani wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. (Huyu Marshall na yule wa barua iliyotangulia wameshirikiana jina tu.) Au chukua jambo jepesi zaidi: kila aliyehitimu kabla ya Agosti 2006 aliondoka akihesabu sayari tisa, na waliomfuata wakahesabu nane, kwa sababu Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Falaki ulipiga kura ya kufafanua upya maana ya sayari, na Pluto ikaachwa nje. Swali la jinsi wanasayansi wanavyoweza kupigia kura jambo kama hilo linaweza kuubeba mhadhara mzima, na halihitaji msikilizaji awe amesoma fizikia. Naamini fani yako ina mgeuko wa aina hiyo, na huenda wewe mwenyewe ulikuwa upande ulioshindwa. Kama ndivyo, anzia hapo. Wanafunzi wako wa zamani hawatasinzia.

Hapa nina neno la pembeni. Kiswahili humwita mtu huyu mhitimu, yaani aliyekamilisha. Kilatini, kilichowapa Waingereza neno wanalolitumia, alumnus, humwita aliyelelewa. Jina letu linamtazama akiwa mlangoni anatoka, na lile la Kilatini linamtazama akiwa bado nyumbani. Mhadhara wako utasikilizwa na mtu ambaye siku hiyo ni yote mawili, hivyo usimfundishe kama mtoto wala usimsifu kama mgeni rasmi. Chuo Kikuu cha Stanford huyaita masomo ya wikiendi hiyo kwa jina lenye maana ya madarasa yasiyo na mtihani, na kwangu jina hilo limelenga vizuri, kwa kuwa linamwahidi mhitimu somo lenyewe, na kilichoondolewa ni hofu tu.

Kuhusu utekelezaji: zungumza dakika 30, uache 15. Slaidi ziwe chache na herufi zake ziwe kubwa, kwani kundi la mwaka wa zamani zaidi huenda lina watu waliovuka miaka 75. Tumia kipaza sauti hata kama sauti yako ni nzito, na kila swali likiulizwa, lirudie kabla ya kulijibu. Walioketi nyuma hawakulisikia, ingawa hawatakwambia.

SWALI: Kila mwaka mimi ndiye mwongoza mjadala, na kila mwaka kipaza sauti kikifika ukumbini kuna mtu anayekishika na kuhutubia. Mara nyingi ni mzee wetu, na kumkatiza ni vigumu. Nifanye nini?

JIBU: Yalinikuta. Niliwahi kuongoza mjadala katika mkutano wa wahitimu ambapo mhitimu wa miaka mingi alisimama, akasema ana swali fupi, kisha akaturudisha kwenye bweni alilolala, mgomo alioushuhudia na walimu aliowapenda. Nilimwacha kwa heshima ya mvi zake. Zilipopita dakika 20 nilitazama saa, nikagundua muda wa ukumbi umekwisha, na mwanajopo aliyetoka mbali kuliko wote hakuwa ameulizwa lolote. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba simulizi la mzee yule lilikuwa zuri kuliko mengi yaliyosemwa jukwaani. Alikuwa mzungumzaji mzuri aliyewekwa katika saa isiyo yake, na kosa hilo lilikuwa letu waandalizi, kwa kuwa hatukumpangia saa yake.

Kwa hiyo tengeni mapema kikao cha kumbukumbu, hata cha saa moja, ambapo makundi ya zamani yatasimulia na wengine watasikiliza. Mwenye simulizi akijua ana nafasi yake, hatalitafutia nafasi ndani ya swali. Katika mjadala wenyewe, kipaza sauti kibaki mkononi mwa msaidizi na kisikabidhiwe muulizaji. Tangaza mwanzoni, kabla hajajulikana atakayeguswa, kwamba kila swali ni la dakika moja na kwamba utakatiza bila kubagua. Wakati ukifika, sema: “Mzee wetu, niruhusu nilichukue hilo ulilolisema sasa hivi nilipeleke kwa wanajopo,” kisha ulitaje kwa sentensi moja na ugeukie jukwaa. Utakuwa umemfungia maneno yake kwa kuyafanya yawe swali, jambo ambalo si watu wengi wataliona kuwa ni kukatizwa.

SWALI: Je, ni sawa kuomba michango ya chuo mwishoni mwa mhadhara?

JIBU: Si sawa. Iombeni kwenye kikao cha chama cha wahitimu, na mtaje kiasi kinachohitajika na kazi yake.

SWALI: Tumemwalika jukwaani mhitimu anayejulikana kwa kuukosoa uongozi wa chuo. Baadhi ya viongozi wanataka aondolewe. Tena mjadala utarekodiwa na kurushwa kwenye intaneti. Tunashauriwa nini?

JIBU: Mwacheni azungumze. Harvard ile ile, tarehe 8 Juni 1978, ilimpa mwandishi Mrusi Aleksandr Solzhenitsyn jukwaa la alasiri ya mahafali. Alikuwa ametimuliwa katika Umoja wa Kisovieti miaka minne kabla, na wengi walitarajia awashukuru wenyeji wake. Badala yake, akizungumza Kirusi kupitia kwa mkalimani, aliishutumu jamii ya Magharibi kwa kupungukiwa na ujasiri na kwa kuabudu starehe. Wengi walikasirika, na hotuba ikajadiliwa kwa miaka mingi baadaye. Chuo hakikudhurika kwa kuwa ukumbini mwake kulisemwa jambo chungu. Ninyi mnachodaiwa ni kumweka jopo moja na mtu wa uongozi anayeweza kumjibu kwa hoja, na kumpa mwongoza mjadala asiyeegemea upande wowote.

Kurekodi ni suala la peke yake, na hapo nina tahadhari zaidi. Mhitimu aliye kazini serikalini au katika kampuni hatasema mbele ya kamera yale atakayoyasema mbele ya wenzake. Taasisi ya Kifalme ya Masuala ya Kimataifa ya London iliweka mwaka 1927 utaratibu unaojulikana kama Kanuni ya Chatham House, ambao unamruhusu mshiriki kutumia aliyoyasikia mkutanoni, ila haumruhusu kumtaja aliyeyasema wala taasisi yake. Ningegawa mjadala wenu sehemu mbili: maelezo ya wanajopo yarekodiwe na kurushwa, kisha kamera zizimwe na nusu saa ya ukumbi iendeshwe kwa kanuni hiyo. Mwongoza mjadala alitangaze hilo mara mbili, mwanzoni na pale kamera zinapozimwa, na mpiga picha atoke ukumbini na vifaa vyake ili kila mtu aone kuwa zimezimwa kweli.