Maswali ya Wasomaji: Ekseli ya Mbele Isiyotaka Kuachia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Mitsubishi Pajero ya toleo la pili, dizeli ya lita 2.8, yenye mfumo wa Super Select (wa kuchagua kuendesha kwa magurudumu mawili au manne). Wakati wa masika nilipanda nayo hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara, nikitumia 4HLc (magurudumu yote manne, mbele na nyuma yakiwa yamefungwa pamoja) kwa sababu ya tope. Nilipofika kwenye lami ya kushuka Mombo nilirudisha mpini kwenye 2H (magurudumu ya nyuma tu), lakini usukani ulikuwa mzito na tairi za mbele zililia kwenye kila kona. Uzito ule ulitoweka kesho yake, baada ya kulitoa gari kinyumenyume uani, ila taa za magurudumu ya mbele kwenye dashibodi zinawaka na kuzima hadi leo. Fundi wangu anasema difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele) imekufa, nitafute nyingine. Je, nimwamini? Msomaji, Korogwe.

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue difu kwa sasa. Umeeleza matatizo mawili yaliyotokea siku moja, na fundi wako ameyachukulia kuwa ni moja.

Katika gari lako nguvu ya injini hukatwa sehemu mbili kabla ya kufika magurudumu ya mbele. Ya kwanza ni ndani ya transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, ambako shafti ndefu ya mbele huunganishwa au kuachanishwa na mwendo wa nyuma. Ya pili ni kwenye ekseli yenyewe, ambako slivu, yaani bangili yenye meno kwa ndani, huunganisha vipande viwili vya shafti ya upande mmoja. Slivu ikiachia, magurudumu ya mbele hujizungukia, gia ndogo za ndani ya difu zikizunguka bila kazi, huku shafti ndefu ikiwa imetulia.

Usukani mzito na kilio cha tairi vilitoka kwenye transfa. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza na tofauti hiyo hupotea, lakini kwenye lami, 4HLc ikiwa bado imeshika, tofauti hujikusanya kama msokoto ndani ya shafti, na msokoto huo huyabana meno ya transfa yasiweze kuteleza hata kama mpini umekwisha kurudi 2H. Uliporudi kinyumenyume msokoto ukafunguka na meno yakaachia. Siku nyingine rudisha mpini ungali kwenye udongo, kisha rudi nyuma mita chache kwa kunyooka kabla ya kupanda lami. Kagua pia kama tairi za mbele na za nyuma zimelika sawasawa, kwa maana gari lenye tairi mpya nyuma na vipara mbele hujisokota hata kwenye barabara iliyonyooka.

Ekseli peke yake ikigoma kuachia, hali transfa imeachia, usukani hauwi mzito. Shafti ndefu huzungushwa bure na magurudumu, mafuta yakaliwa zaidi kidogo, pengine na mvumo ukasikika chini ya sakafu. Taa zinazowaka na kuzima zina maana kwamba kompyuta ndogo ya mfumo imeagiza ekseli iachie, ila swichi iliyofungwa kwenye ekseli haijathibitisha. Kwa hiyo ama slivu haijasogea, ama imesogea na swichi au waya wake unatoa taarifa ya uongo.

Kuzitenganisha hali hizo hakuhitaji kufungua kitu. Endesha gari kidogo likiwa 2H, kisha lizime kwenye sakafu ngumu na bapa, liache kwenye gia ya kwanza (au P kama ni otomatiki), vuta breki ya mkono na uweke vigingi kwenye magurudumu ya nyuma. Inua magurudumu yote mawili ya mbele na uyakalishe juu ya stendi imara, wala usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Sasa zungusha ile shafti ndefu kwa mkono. Ikikataa kabisa, transfa bado imeshika. Ikizunguka pamoja na gurudumu la mbele, hata moja, transfa imeachia ila ekseli haijaachia. Ikizunguka na magurudumu yote mawili yametulia, ekseli ni nzima, na cha kutafutwa ni swichi na waya wake, ambao baada ya tope la Mtae sitashangaa ukikutwa umeliwa na kutu kwenye plagi.

Ikiwa ekseli ndiyo iliyoshika, anza na vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Slivu husogezwa na kiwambo chenye mipira (mirija) miwili, mmoja wa kuunganisha na mwingine wa kuachia, na solenoidi mbili (vali za umeme) ndizo zinazochagua ni upi uvute. Injini ikiunguruma, chomoa mipira hiyo kwenye kiwambo na uweke kidole: kwenye 2H mmoja unatakiwa kuvuta, na ukihamia 4H (magurudumu manne bila kufungwa pamoja) uvute ule mwingine. Usiposikia mvuto wowote, fuata mipira kurudi nyuma hadi pampu, ukiikunja taratibu, kwani joto la injini huikausha ikapasuka mahali pasipoonekana. Vakyumu hiyo ndiyo pia inayosaidia breki, kwa hiyo kanyagio la breki likiwa gumu, usiliendeshe gari hadi uvujaji upatikane.

Mvuto ukiwa mzuri na slivu isisogee, chunguza matundu ya solenoidi ya kupumulia. Yakizibwa na vumbi, vakyumu ya zamani hubaki imenaswa upande wa pili wa kiwambo na kukivuta kisirudi. Ubovu huu ni wa kawaida kwa magari ya barabara za vumbi, na mafundi wengi huupita bila kuutazama. Baada ya hapo ndipo kiwambo chenyewe kishukiwe, kwamba kimetoboka au fito yake imeshikwa na kutu. Difu inakuja mwisho kabisa, na hata hapo fungua kwanza nati ya kumwagia oili: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na oili ibadilishwe.

SWALI: Nina Land Cruiser ya zamani yenye habu za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu) za kuzungusha kwa mkono. Nimeziweka FREE (kuachia), lakini ya kushoto bado inazungusha shafti. Msomaji, Nanyuki.

JIBU: Inawezekana kabisa kwamba aliyefunga beringi aliijaza habu grisi nzito, nayo imeganda na kuzuia springi isirudishe slivu. Fungua kifuniko, osha kila kipande kwa dizeli na ukikaushe, kisha paka grisi nyembamba tu. Kabla ya kufunga, zungusha kitasa mara kadhaa uone slivu ikienda na kurudi, na uweke gasketi mpya ili maji yasipate njia.