Mdogo wangu ananitangulia kuolewa, nami nimechoka kufunga

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 32, ni mhasibu hapa Morogoro, na naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu. Mwaka huu nimefunga siku 21 mara tatu nikimwomba Mungu anipe mume. Mama mmoja wa kikundi cha maombi ananiambia nina jini mahaba, hivyo nifunge mara ya nne na kutoa sadaka ya shilingi 200,000. Mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja anaolewa mwezi ujao, na matangazo yameanza kusomwa kanisani. Hatusemezani tangu Pasaka kwa ajili ya mambo madogo ya nyumbani. Kamati inataka nikae naye meza kuu siku ya sendofu. Je, nikue vipi kiroho ili niwe tayari kwa ndoa, na kwenye sherehe hiyo niende au nisiende?
Sauti ya Kwanza, Morogoro

Marahaba, mwanangu. La sadaka nitalijibu kwanza kwa sababu ni fupi: usitoe. Mtu anayekutajia ugonjwa na bei ya dawa kwa pumzi moja hastahili kusikilizwa, hata akiwa amevaa kitenge cha umoja wa wanawake. Ukitaka kuombewa, nenda kwa mchungaji wako, ambaye atakuombea bila kukuuliza una kiasi gani benki.

La mfungo linahitaji maneno zaidi. Desturi ya siku 21 wengi wetu tumeitoa kwa Danieli, ambaye katika sura ya 10 ya kitabu chake alikaa majuma matatu kamili bila kula chakula kitamu, nyama wala divai. Lakini soma mstari wa 12 uone malaika anasema nini juu ya majuma hayo: kwamba Danieli alitia moyo wake kufahamu na kujinyenyekeza mbele za Mungu wake. Hakuna hapo jambo alilokuwa akilidai. Mfungo wako, kwa jinsi ulivyonieleza, umegeuka kuwa malipo ya awamu, na kila awamu inapokwisha bila mume kugonga mlango unajiona umedhulumiwa, kisha unaanza awamu nyingine ukiwa na uchungu zaidi kuliko mwanzo. Sidhani kwamba umepungukiwa na imani. Nadhani maombi yako yamebaki na ombi moja tu, na mtu aliyebaki na ombi moja hatimaye hukosa la kuzungumza na Mungu.

Katika Biblia yuko mwanamke aliyepita njia hiyo, tena naye alikuwa dada mkubwa. Unakumbuka kwamba Labani alimpa Yakobo binti yake mkubwa, Lea, badala ya mdogo, Raheli, aliyekuwa amemwahidi, kisha akajitetea kwamba kwao haifanyiki kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Nakuomba uitazame kauli hiyo vizuri, kwa maana najua wapo wazee wa ukoo wenu wanaoirudia sasa hivi: katika Mwanzo 29 inatoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kudanganya. Lea akapata mume, na hakupata alichokitafuta. Mwanawe wa kwanza alimwita Reubeni akitumaini kwamba sasa mumewe atampenda. Simeoni akamwita hivyo kwa kuwa hakupendwa. Alipomzaa Lawi akasema sasa mume wangu ataungana nami. Wana watatu, na kilio kilekile. Alipomzaa wa nne, Yuda, ndipo aliposema kwamba mara hii atamsifu Bwana, na mume hakutajwa. Jaribu nawe kuomba hadi siku ya sendofu bila kumtaja mume hata mara moja, uone unabaki na maneno gani. Usiogope kwamba Mungu atasahau. Nadhani amekwisha kusikia.

Sasa nije pale ambapo, nadhani, hukukusudia nisimame. Mfungo umeueleza kwa kirefu, lakini miezi yote ya kutosemezana na ndugu yako wa tumbo moja umeipa sentensi moja na kuiita mambo madogo ya nyumbani. Mchungaji anaposoma matangazo na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, wewe uko kwenye benchi la kwaya, umenyamaza. Je, huko si kupinga?

Nasema hivi kwa sababu ninakujua kununa. Niliolewa nikiwa nimefundisha shule ya Jumapili miaka sita, na zaburi nyingi nilizijua kwa moyo. Mwezi wa pili wa ndoa mume wangu alimkopesha kaka yake sehemu kubwa ya mshahara bila kuniambia. Sikugomba. Nilimwekea chakula mezani, nikakifunika kwa kawa, nikaenda kulala, na nikafanya hivyo siku nne mfululizo. Siku ya tano akaniuliza, kwa upole ambao hadi leo unanitia aibu, kama kwetu ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Nikakumbuka kwamba ndivyo hasa, maana mama na shangazi zangu walinuniana hadi msiba uwakutanishe. Zaburi zangu zote hazikuwa zimefika kwenye chumba hicho. Kuwa tayari kwa ndoa huanzia hapo, kwa mtu unayelala naye chumba kimoja sasa, ambaye anakuona unavyoamka, unavyokasirika na unavyohesabu fedha zako.

Paulo, katika sura ya 7 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anasema kila mtu ana karama yake itokayo kwa Mungu, aliyeoa na asiyeoa. Sitakuhubiria zaidi juu ya hilo, kwa kuwa najua mstari huo hupendwa sana na watu wenye waume.

Kuhusu sendofu: nenda, ukae meza kuu, lakini usisubiri siku hiyo. Matangazo husomwa Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Kwa hesabu zako za kihasibu, usiku mlizobakiwa nazo katika chumba hicho ni chache. Atakapokuita umlishe na akulishe keki mbele ya ukumbi mzima, ni afadhali mwe mmekwisha kulia mkiwa wawili tu. Kama huoni pa kuanzia, mwulize leo usiku sare ya dada wa bibi harusi inashonwa kwa kitambaa gani.