Je, kushuhudia ni kazi ya kila Mkristo, hata baba mwoga na binti wa miaka 15?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni baba wa familia na mzee wa kanisa, nimeokoka tangu ujana wangu. Majuzi binti yangu mwenye miaka 15 aliniuliza: "Baba, kila Jumapili tunaambiwa tuwashuhudie wenzetu. Wewe huwa unamshuhudia nani?" Nilikosa la kumjibu. Ukweli ni kwamba mimi si msemaji. Nikiwaza tu kumweleza mfanyakazi mwenzangu habari za Yesu, moyo hunienda mbio. Nimekuwa nikijifariji kwamba kazi hiyo ina wenyewe, yaani wachungaji na wainjilisti, na kwamba kwangu mwenendo mwema unatosha. Je, nimekosea? Na huyu binti ameanza kuzungumza na wenzake shuleni, baadhi wanamcheka na wengine wanamuuliza maswali yanayomshinda. Nimtie moyo, au nimwambie asubiri akue?

JIBU: Amina, ndugu yangu, asifiwe milele. Umeuliza maswali mazuri, lakini la binti yako limenigusa zaidi. Mtoto aliyemuuliza baba yake jambo hilo amelichukua Neno kwa uzito, na hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu.

Nianze na hili la karama. Ni kweli wapo waliopewa karama ya uinjilisti. Waefeso 4:11 inawataja waziwazi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiisoma aya hiyo huishia hapo. Aya ya 12 inasema wamewekwa "kwa kusudi la kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke." Maana yake mwinjilisti amepewa kanisa ili wewe na mimi tuandaliwe kwa kazi. Hakupewa kanisa ili atufanyie kazi yetu sisi tukiwa tumekaa.

Kisha fungua Matendo ya Mitume sura ya 8. Stefano ameuawa, Sauli analiharibu kanisa, waumini wanaukimbia Yerusalemu. Aya ya 1 ina maneno ambayo watu wengi hupita juu yake: walitawanyika wote "isipokuwa hao mitume." Halafu aya ya 4 inasema: "Lakini wale waliotawanyika wakaenda huko na huko wakilihubiri neno." Basi ni akina nani waliolihubiri neno? Mitume walibaki mjini. Waliohubiri ni waumini wa kawaida, watu waliofukuzwa makwao, ambao kwa akili za kibinadamu walikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Ukiwafuata hadi sura ya 11 utaona kwamba baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walifika Antiokia wakasema na Wayunani habari njema za Bwana Yesu, "watu wengi wakaamini, wakamwelekea Bwana." Luka hakutuandikia hata jina moja la watu hao. Lakini kanisa lililozaliwa kwa vinywa vyao ndilo ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na ndilo lililomtuma Paulo na Barnaba katika sura ya 13. Kwa hiyo, ndugu yangu, wazo la kwamba kazi hii ni ya wachungaji peke yao halina mizizi katika Maandiko.

Sasa tuje kwenye hofu, kwa maana nadhani hapa ndipo ulipo mzigo wako wenyewe. Umesema moyo wako huenda mbio, na umelichukua hilo kuwa dalili ya kwamba hukuitwa. Hebu tumtazame Paulo. Katika Matendo 17 yuko Athene, amehubiri kwenye Areopago mbele ya watu wenye elimu kubwa. Aliposema habari za ufufuo wa wafu, wengine wakadhihaki, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, na wachache wakaamini, wakiwemo Dionisio na mwanamke mmoja aitwaye Damari. Kutoka hapo akaenda Korintho. Miaka michache baadaye aliwaandikia Wakorintho jinsi alivyofika kwao: "Nami nalikuwako kwenu katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi" (1 Wakorintho 2:3). Matetemeko! Huyo ni Paulo, mtume wa Mataifa. Tena katika mji huohuo wa Korintho Bwana alimtokea usiku kwa maono akamwambia, "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze" (Matendo 18:9). Mtu asiyeogopa haambiwi usiogope. Tazama na sababu aliyopewa katika aya ya 10: "mimi ni pamoja nawe," na tena, "mimi nina watu wengi katika mji huu." Walikuwa bado hawajaamini, Paulo hakuwajua kwa sura wala kwa majina, lakini Bwana aliwajua tayari. Nakusihi uitafakari aya hiyo. Huyo mfanyakazi mwenzako unayemwogopa, unajuaje kwamba si mmoja wa hao?

Na hata alipokuwa gerezani, Paulo aliwaomba Waefeso wamwombee apewe usemi, aihubiri Injili kwa ujasiri (Waefeso 6:19). Kama ujasiri ungekuwa tabia ya kuzaliwa nayo, asingeuomba. Uombe na wewe. Waambie na wazee wenzako wakuombee kwa jambo hili hasa, bila aibu.

Katika historia ya kanisa kuna tukio ambalo hulikumbuka kila nikisikia mtu akisema yeye si msemaji. Mwaka 1855, katika mji wa Boston nchini Marekani, alikuwepo mwalimu wa shule ya Jumapili aitwaye Edward Kimball. Darasani kwake alikuwamo kijana wa miaka 18 aliyefanya kazi katika duka la viatu la mjomba wake. Siku moja Kimball aliazimu kwenda kuzungumza naye habari za Kristo, akafika karibu na duka akaanza kusita, mpaka akalipita kabisa. Ndipo akageuka, akaingia, akamkuta kijana nyuma ya duka. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba hakukumbuka vizuri alisema nini. Aliona maneno yake yalikuwa dhaifu. Kijana yule aliamini hapohapo. Aliitwa Dwight L. Moody, ambaye baadaye alihubiri Injili kwa umati mkubwa Marekani na Uingereza. Napenda kuongeza jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau wanapolisimulia tukio hili: Moody alipoomba kupokewa kanisani mwaka huo, majibu yake kuhusu imani yalikuwa hafifu kiasi kwamba waliahirisha kumpokea hadi mwaka 1856. Mwalimu aliyesitasita, mwanafunzi asiyejua kujieleza, na Mungu akafanya kazi kwa hao wawili.

Useme nini basi? Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo aliomba afuatane na Yesu, na Bwana hakumruhusu. Alimwambia, "Enenda zako nyumbani kwa watu wa kwenu, ukawahubiri ni mambo makuu gani aliyokutendea Bwana, na jinsi alivyokurehemu" (Marko 5:19). Hatuambiwi kwamba alikuwa amesoma popote. Yule aliyezaliwa kipofu naye, alipobanwa na Mafarisayo kwa maswali ya kitheolojia, alikiri asiyoyajua kisha akashika alichokijua: "najua neno moja, kwamba mimi nalikuwa kipofu, na sasa naona" (Yohana 9:25). Anzia hapo. Mweleze mtu yale ambayo Bwana amekutendea, kwa lugha unayoitumia kila siku na wala si kwa sauti ya mimbari. Usiongeze chumvi. Kama hukuwahi kuwa mlevi wala mwizi, usijitengenezee zamani za kutisha ili ushuhuda wako upendeze. Mungu wa kweli hashuhudiwi kwa uongo.

Lakini usiishie kwenye habari zako. Wako wengi wasio Wakristo ambao nao watakuambia maisha yao yamebadilika kwa njia nyingine. Injili ina kiini chake, na Paulo anakitaja katika 1 Wakorintho 15:3-4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Habari zako zimfikishe msikilizaji kwa huyo aliyekufa na kufufuka. Kama mmezungumza saa nzima na Yesu hakutajwa, mmekuwa na mazungumzo mazuri, ila hujashuhudia bado.

Hilo linanileta kwenye faraja yako ya kwamba mwenendo unatosha. Sitaudharau mwenendo wako, kwa kuwa bila huo maneno huwa kelele. Petro anawaambia wake walioolewa na wasioamini kwamba waume zao waweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo (1 Petro 3:1). Lakini katika sura hiyohiyo, aya ya 15, anawaambia waumini wote: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Mwenendo huzaa swali, na swali linahitaji kinywa. Warumi 10:14 inauliza, "Tena wamwaminije yeye wasiyemsikia?" Mtu anaweza kufanya kazi karibu nawe miaka mingi, akakuona huli rushwa, husengenyi, hutukani, akahitimisha kwamba ulilelewa vizuri. Sifa zitaenda kwa wazazi wako, na huyo mtu atabaki bila kumjua Mwokozi. Nalisema hili kwa upendo: ukimya wa miaka mingi haufai kuitwa unyenyekevu.

Kwa binti yako jibu langu ni fupi: mtie moyo, na umtie moyo leo. Yeremia alipojitetea, Bwana alimwambia, "Usiseme, Mimi ni mtoto" (Yeremia 1:7). Timotheo aliambiwa mtu asiudharau ujana wake, tena awe kielelezo "katika usemi na mwenendo" (1 Timotheo 4:12). Na katika 2 Wafalme 5 kuna msichana mdogo aliyetekwa kutoka Israeli akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Angeweza kuwachukia waliomteka. Badala yake alimwambia bibi yake maneno machache: laiti bwana wangu angekuwa pamoja na yule nabii aliye Samaria, maana angemponya ukoma wake. Jemadari mzima wa Shamu akafunga safari kwa neno la mtoto, akarudi akimwabudu Mungu wa Israeli.

Mwambie pia kwamba kuchekwa si kushindwa, mkumbushe Athene. Wasipotaka kusikia, awaache kwa amani na aendelee kuwa rafiki yao, akae nao mezani, awasaidie masomo kama zamani. Yule tajiri alipoondoka kwa huzuni katika Marko 10, Yesu alikuwa amempenda, na hakumkimbilia kumlazimisha. Asiidharau dini ya mwenzake wala ya wazazi wa mwenzake. Asimtungie mtu hofu ili aokoke upesi. Azingatie taratibu za shule, asihubiri mwalimu akifundisha. Na siri atakazoambiwa na wenzake wanapofungua mioyo, asizigeuze kuwa maombi ya kutangazwa kwenye kikundi cha vijana; lakini akisikia kwamba mwenzake anaumizwa au anataka kujidhuru, aje akuambie wewe au mtu mzima anayeaminika bila kuchelewa. Kuweka aya kwenye simu ni vizuri, ila asiridhike na hilo. Rafiki mmoja aliyeketi naye na kumsikiliza ana uzito kuliko mia waliopitisha macho.

Na wewe, baba, usimtume mahali usikokwenda. Imani ya Timotheo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Mketishe binti umwambie kweli, kwamba umekuwa ukiogopa na umemwomba Bwana akusaidie. Hutapungua heshima machoni pake. Kisha kila mmoja ataje jina la mtu mmoja, muwaombee hao wawili kila siku kabla ya kulala, na mkisha kuomba msikimbilie kuongea. Ombeni Mungu afungue mlango wa neno, kama Wakolosai 4:3 inavyosema. Mlango ukifunguka, ingia. Mara nyingi hufunguka kwa namna ndogo kabisa: mwenzako amefiwa, ana mgonjwa, au amekuuliza kwa nini huoni uchungu juu ya jambo fulani. Kusema "naweza kukuombea?" ni mwanzo mzuri, na ni wachache sana wanaokataa.

Kuhusu maswali yanayomshinda, afanye kama yule kipofu. Aseme, "Hilo silijui, nitauliza nikuletee jibu," na kweli apeleke jibu. Apolo mwenyewe, mtu mwenye nguvu katika Maandiko, alihitaji Prisila na Akila wamweleze njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Yale maswali yaje nyumbani, myaandike, mfungue Biblia pamoja. Yakiwashinda nyote wawili, mpelekeeni mchungaji wenu, au niandikieni tena. Someni kwanza Injili ya Yohana sura ya 1, ya 4 na ya 9, mkiangalia kila mara mtu anapokwenda kumwita mwenzake, nani alikwenda, alisema nini, na Yesu akafanya nini walipofika.